Mvumo wa Madarasa ya Bungulu

Nyumbani kwangu Kimemi, mashine ya kusaga unga huanza kunguruma kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Kushoto kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Kulia kuna duka linalochaji simu za watu, nalo hupiga muziki toka asubuhi ili wateja wajue kwamba umeme upo. Barabarani zinapita moto, yaani pikipiki, ambazo wenyewe wamezitoa bomba la kupunguza sauti, makusudi kabisa, kwa raha zao. Mimi nafundisha akustiki, yaani elimu ya sauti, katika chuo kikuu kimoja cha hapa Butembo. Mke wangu husema Mungu ana utani wake: mtu asiyevumilia kelele amepewa kazi ya kuzipima. Husema pia kwamba sijui kutulia, na hapo hakosei. Nikikaa, mguu unatikisika. Nikisimama, nazunguka meza mpaka watoto wanalalamika. Mwaka ninaotaka kuusimulia, hata kuzunguka meza hakukunitosha.

Ulianza na mkutano. Idara yetu ilikuwa ndogo: chumba kimoja cha maabara, nusu ya chumba kingine tulichogawana na watu wa umeme, maikrofoni mbili nzuri, kompyuta moja inayotaka kubembelezwa ndipo iwake, na mimi, chef de travaux, yaani yule anayebeba kazi zote wakati maprofesa hawapo. Wenzetu walituita département ya makelele. Tulizoea. Lakini siku ile mkuu wa kitivo hakuwa na utani.

"Ba-étudiants yenu ba mwaka wa mwisho beko babili tu," aliniambia mbele ya wote. "Byumba biko bichache, batu ya umeme banabanana. Donc, mwaka hii, kama hapana hata mutu mumoja anafanya défense ya mémoire, tunafunga akustiki. Miye hapana nachukia mutu. Njo vile iko."

Défense ndiyo utetezi wa kazi ya mwisho mbele ya jopo, jury. Nilijibu maneno mengi, yote makali, mpaka mwenzangu akanivuta koti nikae. Nilikaa. Mguu ukaanza kazi yake chini ya meza. Nilikuwa nimeitumikia idara ile tangu nikiwa msaidizi kijana, na sikuwa na ufundi mwingine wa kunilisha. Lakini si hilo tu. Niliipenda. Ni vigumu kumweleza mtu anayesikia mashine ya kusaga kutwa nzima kwamba sauti inaweza kupendwa, lakini mimi niliipenda.

Kabla ya Krismasi mmoja wa wale wanafunzi wawili aliacha. Mjomba wake alimpa nafasi ya kwenda kuleta bidhaa kutoka Kampala, naye akaja kuniaga kwa heshima zote. Nilimtakia heri. Hapa kwetu biashara ndiyo chuo kikuu cha kwanza, sisi wengine ni tawi tu. Akabaki mmoja, na kwa hiyo idara nzima ikawa imekalia begani kwa msichana wa Bungulu, kule Beni.

Alikuwa mtoto wa msafirishaji. Familia yao ni ya Waislamu ambao wameishi Beni miaka na miaka, na baba yake alikuwa na lori lililopanda na kushuka kati ya Beni na Butembo kila mara barabara iliporuhusu. Binti hakuwa msemaji. Darasani alikaa karibu na mlango, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, na alipouliza swali, mimi ndiye niliyerudi nyumbani kusoma upya. Somo la kazi yake ya mwisho alilichagua mwenyewe: namna ya kulifanya neno la mwalimu lisikike katika madarasa ya mbao na mabati. Alisoma katika darasa la namna hiyo. Sasa, alisema, kwa sababu ya watu waliokimbia vita vijijini, darasa moja lilibeba madarasa mawili, na walimu walikuwa wanapoteza sauti.

"Balimu banasema sana mpaka koo inaisha," aliniambia. "Na mutoto wa nyuma hapana anapata kitu. Miye nilikuwaka wa nyuma, Chef. Ninajua."

Dawa aliyoifikiria ilikuwa makapi ya kahawa. Ganda lile jepesi linalobaki kahawa ikishakobolewa, hapa hutupwa au huchomwa. Yeye alilishindilia ndani ya magunia mapana, akayashona, akayafanya mito bapa ya kutundika ukutani na chini ya mabati. Maabara yetu ilinuka kahawa mwezi mzima. Watu wa umeme walilalamika, nami nikawaambia waandike barua.

Baada ya mwaka mpya alikuja profesa. Chuo kama chetu kinaishi kwa maprofesa wageni: profesa anatua, anamaliza somo zima katika wiki mbili, toka asubuhi hadi jioni, anatunga mtihani, anaondoka. Ndege isipokuja, mwaka unasimama. Wa kwetu alitoka Kisangani, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi ya binti. Nilikwenda kumngojea kiwanjani Rughenda siku moja, mawingu yakakataa. Nikaenda siku ya pili, nikatembea kando ya uwanja wa ndege kwenda na kurudi mpaka askari mmoja akaniuliza kama nina ugonjwa. Hatimaye kindege kidogo kikashuka, na profesa akatoka ndani yake akiwa anasema tayari. Ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti isiyohitaji maikrofoni, na anaijua kazi yake kwelikweli. Hilo lazima niliseme kwanza.

Alifundisha akustiki ya majengo. Ukipiga sauti chumbani kisha ukanyamaza, sauti haifi palepale. Inabaki ikirukaruka kati ya kuta na paa, inapungua, inakwisha. Huo ndio mvumo. Ukiwa mrefu, neno la mwalimu linakanyagwa na lile lililotangulia, na mtoto wa nyuma anasikia uji. Kuupima mvumo kunahitaji sauti kubwa inayokatika ghafla, halafu maikrofoni inanasa kile kinachobaki. Njia ya vitabuni ni mlipuko: kupasua puto, au kugonganisha mbao mbili zilizofungwa kwa bawaba. Profesa aliipenda njia hiyo. Alitoa puto jekundu mfukoni, akalipuliza mpaka likang'aa, akalipasua kwa sindano katikati ya ukumbi bila kutuonya.

Binti wa Bungulu alikuwa chini ya benchi kabla wengine hawajageuza shingo. Wanafunzi kadhaa wa Butembo walicheka. Wale waliotoka upande wa Beni hawakucheka, maana baadhi yao walikuwa chini pia. Akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akakiweka sawa kitambaa chake.

"Endelea tu, Prof," alisema.

Na profesa akaendelea. Alionyesha mchoro kwenye ukuta, mstari mzuri unaoteremka kama paa la nyumba, akasema madarasa ya Beni yapimwe hivihivi, kwa puto au kwa mbao, apate kuyalinganisha na vipimo vya kwingine. Binti aliandika. Nilimwona akiandika, na sikupenda jinsi alivyokaza kalamu.

Tulingoja barabara itulie. Wiki moja ikawa mwezi. Kila asubuhi niliwauliza madereva wa stendi, na kila asubuhi waliniambia jambo tofauti: leo watu wanapita, leo wamerudishwa, leo wanakwenda kwa msafara na wanajeshi mbele. Mke wangu aliniambia niache kuuliza, kwa sababu barabara haifunguki kwa kuulizwa. Mwishowe baba wa binti ndiye aliyetupeleka, ndani ya kichwa cha lori lake, na nyuma yetu shehena ya viazi na kabichi za Lubero. Alikuwa mzee mpole, mkono mmoja kwenye usukani, tasbihi imening'inia mbele ya kioo.

"Chef," aliniuliza tulipokuwa tumesimamishwa kwenye kizuizi, "mutoto yangu atamaliza mwaka hii?"

"Atamaliza, papa."

"Ju nyuma yake beko bengine banne, na benyewe banangoja. Mwaka ingine ya kuongeza, miye hapana naweza." Akanitazama ili ajue kama nimeelewa. "Amalize tu, Inshallah."

Binti alikuwa ameketi katikati yetu. Aliangalia barabara muda wote.

Shule ilikuwa ya mbao, paa la mabati, sakafu ya udongo, vyumba vimepangana ubavu kwa ubavu, na ndani ya kila chumba watoto wengi kuliko nilivyopata kuona wamekaa mahali pamoja bila mechi ya mpira. Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, Mkristo, mwenye sauti iliyokwaruzika kwa kufundisha. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Kisha akaona mbao mbili za bawaba zikichungulia mfukoni mwangu.

"Ile ni ya nini?"

Nikamweleza kazi ya mbao na ya puto, ballon, na ili aelewe nikafanya ishara ya kuzigonganisha mbao. Alizichukua mikononi mwangu, taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaziweka juu ya kabati.

"Papa, huku hapana," alisema.

"Mama directrice, ni mara tatu tu. Tutabaambia batoto mbele."

"Utaambia batoto yangu. Na batu ya pale ng'ambo, utabaambia pia? Na basoda benye bunduki? Mukipiga kitu ile, quartier, mutaa yote, inakimbia, na kesho miye njo nitakuwa naeleza. Hapana, papa. Na ba-ballon yenu pia mubaki nayo."

Nilichemka. Niliongea juu ya sayansi, juu ya vitabu, juu ya idara itakayofungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Najua leo kwamba alikuwa na haki, na nilijua hata siku ile, lakini mtu anayeona kazi yake inateleza mikononi hapigani kwa haki. Binti hakunisaidia hata kwa neno moja.

Tulijaribu njia nyingine. Makofi yalikuwa dhaifu, kelele za moto barabarani ziliyameza. Tulileta spika ya kukodi, lakini ilihitaji jenereta, na jenereta ilinguruma kuliko spika. Nilitoka nje, nikazunguka uwanja wa shule kwa hasira, jua la Beni likinichoma ndani ya koti langu la Butembo. Niliporudi, binti alikuwa amesimama mbele ya darasa. Alikuwa anawaambia watoto waimbe sauti moja, ndefu, "aaaa", kwa nguvu zao zote, na waikate pale atakapofunga ngumi.

Nilitaka kumwambia haiwezekani. Nimeimba kwaya parokiani tangu ujana, najua jinsi watu wanavyokata sauti: wale wazuri wanafuata mkono, mmoja anabaki nyuma, mwingine anameza mate, na mkia wa sauti unaburutika. Kwa watoto ndiyo kabisa, kutakuwa na kicheko. Lakini nilikuwa nimechoka kubisha, nikawasha maikrofoni.

Waliimba. Mabati yalitetemeka. Akainua mkono, akafunga ngumi.

Wakanyamaza.

Sijui niandike namna gani. Hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma. Hakuna aliyecheka, hakuna benchi lililolia, na kilichosalia ndani ya chumba kilikuwa mvumo peke yake, msafi, ukishuka kutoka darini. Kwenye kompyuta mstari uliteremka umenyooka kuliko wa puto la profesa. Nilipiga kelele ya furaha mimi mwenyewe. Nilimkumbatia mama directrice, naye akashangaa. Tukarudia katika kila darasa, wakubwa na wadogo, ikawa vilevile. Siku mbili zilizofuata tulitundika magunia ya makapi ya kahawa, tukapima tena, na mvumo ulikuwa umepungua kwa kiasi ambacho hata sikio tupu lilikubali. Mwalimu mmoja alifundisha somo la historia akiwa ameketi, kwa sauti ya mazungumzo, na watoto wa nyuma wakamjibu. Binti alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka kwa meno.

Mchana ule mama directrice alitupa wali na sombe, yaani kisamvu, chenye samaki. Nikamsifu. Nikamwambia shule yake ina nidhamu ya ajabu, kwamba sijawahi kuona watoto wanaokata sauti namna ile, na nikauliza anatumia mbinu gani. Aliweka kijiko chini.

"Hapana nidhamu, papa," alisema. "Hii batoto, wengi balilalaka muporini. Mama anainua mukono, batu yote inanyamaza. Mutoto anayelia, wale ba porini banasikia, na banakuja. Huku mutoto wa miaka ine anajua ile kazi. Hapana sisi njo tulibafundisha."

Nilimtazama binti. Alikuwa anatenganisha miiba ya samaki pembeni mwa sahani, kwa uangalifu mkubwa, na ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu aliposimama mbele ya darasa. Ndiyo maana alifunga ngumi bila kuwafanyisha mazoezi. Niliona aibu ya furaha yangu. Nilitaka kuondoka Beni saa ileile, na wakati huohuo nilitaka kubaki nimwombe msamaha kila mtoto, jambo ambalo lingewashangaza tu.

Tuliporudi Butembo sikuweza kukaa. Nilikwenda kwenye shule moja ya hapa Kimemi, nikawaomba watoto wafanye kama wale wa Bungulu. Walicheka mpaka wakaanguka. Mmoja aliendelea na "aaaa" yake peke yake mpaka mwalimu akamtoa nje. Mstari kwenye kompyuta ulikuwa vurugu tupu, na niliutazama kwa raha ambayo sikuitegemea.

Vipimo vya Beni vilitumwa kwa profesa. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na sauti yake haikuwa ya uchangamfu.

"Chef, nimeangalia. Hii courbe hapana iko ya kweli. Midomo mingi namna hii haiwezi kukatika mara moja, physiquement haiwezekani. Mumekata na logiciel. Akuje na vipimo bya ballon, ao akuje na explication mbele ya jury. Kama hapana, miye nitamukatalia."

Alidhani mstari ule tumeukata kwa programu ya kompyuta. Barabara ilikuwa imefungwa tena, na hata ingefunguka, puto lisingeingia katika shule ile. Ikabaki maelezo. Kwangu ilikuwa rahisi: aongeze aya moja katika kazi yake, aseme kwa nini watoto wale wanajua kunyamaza, mambo yaishe. Nilimwita ofisini. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Hapana, Chef."

"Kwa nini hapana? Ni kweli, hapana iko uongo."

"Ni kweli. Lakini hapana ya kuandika. Nikiandika ile, hapana batasoma tena madarasa, batasoma mateso. Batanipa points ju ya huruma. Miye nilifanya kazi ya magunia, nilifanya kazi ya mvumo. Bapime ile."

"Atakukatalia! Unasikia? Akikukatalia, baba yako hataongeza mwaka. Na idara inafungwa, na mimi naenda kufundisha wapi?"

Nilikuwa nimepandisha sauti, na mwenzetu wa umeme akachungulia. Binti alingoja afunge mlango.

"Ninajua, Chef," alisema. "Weye pia hapana kumuambia. Ile ni ya batoto, hapana ya jury. Unipe neno yako."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Labda kwa sababu alisimama pale bila kutikisika na mimi nilikuwa nimeshazunguka meza mara nyingi kiasi cha kujionea aibu. Lakini majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Nilishika simu nikaiweka. Nilianza barua nikaichana. Mashine ya kusaga, fundi wa vyuma, moto, vyote vilikuwa vinanisema mimi. Mke wangu alinifukuza jikoni, akaniambia niende nikapime kelele za watu wengine.

Siku ya utetezi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Profesa alikuwa amewasili salama, na jopo lilikuwa yeye, mkuu wa kitivo na mama mmoja mhandisi wa majengo aliyealikwa. Baba wa binti aliketi nyuma kabisa, kofia yake nyeupe kichwani, na suruali yake bado ina vumbi la magunia ya viazi. Binti alieleza kazi yake vizuri, bila haraka. Alieleza makapi ya kahawa, unene, namna ya kuyakinga na panya na moto. Alipomaliza, profesa alisogeza kiti mbele.

"Mademoiselle, miye niko na swali moja. Utupe kwanza tusikie."

Binti akaicheza ile sauti iliyonaswa kwenye spika. "Aaaa" ya watoto ilijaa ukumbi, ikakatika. Ukabaki mvumo, ukaisha.

"Njo ile," alisema profesa. "Nani alikata?"

"Hakuna mutu alikata, Prof."

"Mademoiselle, ninafundisha hii kitu tangu hujazaliwa. Batoto hapana banyamaza vile. Kama hakuna mutu alikata, nani alibafundisha?"

Mkuu wa kitivo akaandika kitu. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, maana neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu na nilijua nikilitoa nimemsaliti, nisipolitoa nimemwacha aanguke. Nilitazama nyuma. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye pia alijua. Ni yeye aliyekuwa akiwachukua watu waliokimbia kwenye lori lake.

"Ba-mama yabo, Prof," binti alisema hatimaye. "Ba-mama yabo njo balibafundisha. Ju ya kukimbia."

Hakulia, na hakuna aliyemwambia aendelee. Mvua ilisikika juu ya paa. Profesa alibaki na kalamu yake wazi, mdomo nao wazi, kisha akasema polepole, "Naomba pardon." Mama mhandisi akakohoa, akaomba warudi kwenye unene wa magunia. Nao wakarudi, wakamhoji kwa muda mrefu na kwa ukali, maswali ya kweli juu ya unyevu na panya na bei ya kushona, na binti akajibu yote. Nadhani ule ukali ndio uliomheshimu kuliko kitu kingine siku ile.

Alipita kwa alama ya juu. Mkuu wa kitivo alinishika mkono na kusema tutabaki na vyumba vyetu, watu wa umeme watavumilia. Baba alimsalimia kila mtu mara mbili. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini furaha ile ilinikaa vibaya, na bado inanikaa vibaya. Idara yangu ipo leo kwa sababu ya kitu ambacho hakuna mtoto aliyetakiwa kukijua.

Kwenye baraza, tukingoja mvua ipungue, profesa alitujia. Uchangamfu ulikuwa umemrudia. Alikuwa ameshafikiri, na ni mtu mwema, nadhani alitaka kumpa zawadi.

"Mademoiselle, ile ni méthode, vraiment! Bila ballon, bila courant ya umeme, bila kitu. Tutaiandika article ku gazeti ya sayansi, jina yako mbele. Miye nikifika Kisangani nitaijaribu ku shule ya kule, tuone kama inatembea."

Binti alikuwa anafunga kazi yake ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Alimaliza fundo kwanza.

"Kule hapana bataweza, Prof," alisema. "Na ninaomba Mungu basiweze hata siku moja."